Wafaransa Waliokataa Kufa

Waingereza walipatikana haraka. Klabu yao nzima ilikuwako huko Essex, wanaume sitini wa kupiga mishale, wenye ndevu walizofuga kwa ajili hiyo na viatu vya ngozi walivyojishonea wenyewe, na kila mmoja alikuwa tayari kushinda vita vya Agincourt kwa mara nyingine bila malipo, ilimradi apewe chai. Taabu ya halmashauri ya mtaa, iliyotaka kuviigiza vita hivyo kwenye tamasha la watoto wa shule, ilikuwa Wafaransa. Vita vyenyewe vilipiganwa miaka mia sita na ushei iliyopita, Waingereza wachache wakawachinja Wafaransa wengi ndani ya tope, na tangu siku hiyo Mwingereza hachoki kuvisimulia. Lakini nani ataamka Jumamosi asubuhi, avae na kupanda treni, aende kushindwa?

Walitangaza mwezi mzima, hakujitokeza Mfaransa hata mmoja. Ndipo katika kikao cha maandalizi, Mumbua, msichana wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa kazini kwa majaribio, akainua mkono na kusema kwamba mama yake ana watu.

Na kweli mama yake alikuwa na watu. Mwende alikuwa katibu wa Tuinuane, chama cha Wakenya wa Tottenham, kwa mwaka wa tisa mfululizo, si kwa kupendwa sana bali kwa sababu hakuna mwingine aliyejua faili ziko wapi. Tuinuane ilikuwa na wauguzi, madereva wa basi, walezi wa wazee na mchungaji mmoja, na kulikuwa na mambo mawili waliyoyaweza kuliko Wakenya wote wa London: kufanya mikutano na kuzika. Jotham, mumewe Mwende, alipofariki miaka mitatu nyuma, walifanya yote mawili. Walikutana mara saba, wakamsafirisha marehemu mpaka Machakos, na kabla ya hapo walikaa sebuleni kwa Mwende siku tisa, wakilala kwenye makochi na sakafuni, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mtu aliyetendewa hivyo hawezi kuwasema vibaya wenzake, ingawa Mwende alijaribu mara nyingi.

Mumbua alikuja Jumapili baada ya ibada kumweleza mama yake mambo yalivyo. Majaribio yake yalikuwa yanaisha Jumatatu baada ya tamasha. Mkuu wake, Bi. Alka, mama wa Stanmore aliyezaliwa Nakuru, alikuwa amemwambia waziwazi: vita vikienda vizuri, Jumatatu ataandikwa kazi ya kudumu, vikiharibika, hatakuwa na la kumtetea nalo. Mumbua alikuwa ameomba kazi arobaini na moja kabla ya hiyo. Mwende alizijua zote, maana kila barua ya kukataliwa ilisomwa mezani kwake.

"Mum, please," Mumbua alisema. Kiswahili alikielewa mpaka matusi, ila hakuona sababu ya kukijibu. "On time. Just this once. And do what the paper says."

"Tutafika mapema," Mwende alisema, na wakati anasema aliamini.

Karatasi yenyewe, ya maelekezo ya halmashauri, ilikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa pili ulisema jeshi la Ufaransa litakuwa na makabaila watano na askari wa miguu thelathini na watano. Ukurasa wa nne ulisema Mfaransa akiguswa na mshale ataanguka na kufa, na kwamba ifikapo saa tisa kasorobo Wafaransa wote wawe wamekufa, kwa sababu saa tisa mabasi yanachukua watoto wa shule.

Mwende aliusoma ukurasa wa nne mara mbili, akiwa jikoni na miwani puani. Yeye binafsi hakuona tatizo. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee kwa miaka kumi na minane, na kwa upole na maji ya uvuguvugu alikuwa amewafumba macho Waingereza wengi kuliko walioanguka kwenye vita vile. Lakini aliwajua watu wake. Mtu mzima hajilazi kama maiti. Kifo hakichezewi, ukikiita kwa mzaha kitakuja kwa kweli, na kitauliza ni nani aliyekuwa anaita. Hasa alimjua Pasta Zephaniah, ambaye hukemea hata chafya. Ukurasa ule ukisomwa mbele yake, Ufaransa itafia palepale chini ya ajenda namba nne, na mwanawe ataanza kuomba kazi ya arobaini na tatu.

Kwa hiyo katika kumbukumbu za mkutano aliandika hivi: "Mwishoni washiriki wote watakaa chini." Aliona ameandika kwa busara.

Mkutano wenyewe ulichukua saa tatu. Norbert, mwenyekiti, dereva wa basi la ghorofa mwenye sauti ya kuhutubia taifa hata anapoomba chumvi, alitaka kujua Wafaransa hao walikuwa watu wa namna gani.

"Walikuwa wengi," Mwende alisema, "na baadhi yao walikuwa na vyeo."

"Vyeo gani?"

Hapo ndipo mchele ulipomwagwa penye kuku wengi. Mwenyekiti wa zamani hakuweza kuwa chini ya mwenyekiti wa sasa. Mweka hazina hakuweza kutembea nyuma ya naibu katibu. Waasisi walipaswa kutambuliwa. Dinah, kiongozi wa akina mama, aliuliza kama wanawake wameitwa Ufaransa kupika, na baada ya swali hilo kulipatikana makabaila wanawake kumi na mmoja kwa mpigo. Norbert mwenyewe aliambiwa kuwa kamanda wa jeshi lote aliitwa Konstebo wa Ufaransa, akakasirika. "Konstebo? Mimi? Baba yangu alistaafu akiwa inspekta Kitui!" Akaandikwa Mwenyekiti wa Ufaransa. Mwende, kwa kuwa katibu hubeba vitu, alipewa bendera. Walipofunga kwa sala, jeshi lilikuwa na makabaila thelathini na tisa na askari wa miguu mmoja, mwanafunzi aitwaye Linus, aliyepewa nafasi hiyo kwa sababu hakuhudhuria. Siku ya vita Linus alituma udhuru kwamba yuko zamu.

Siku ya vita ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano, na ule uwanja wa michezo, uliobanwa na safu mbili za miti, ulikuwa umelainika ukawa uji. Watoto wa shule mia mbili walikaa na wazazi wao nyuma ya kamba. Vita vilipangwa kuanza saa nane kamili. Waingereza walikuwa wamejipanga tangu saa sita. Tuinuane ilifika saa nane na dakika kumi, kwa mabasi madogo mawili, ikiwa na sufuria tatu za pilau, bendera, mavazi ya bluu aliyoyashona Dinah kwa mikono yake, mapanga ya mbao, kofia za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha, na viti thelathini na tisa vya kukunja.

"Viti vya nini?" Mwende aliuliza.

"Wewe si ndiye uliandika tutakaa chini?" Dinah alisema. "Kwa hii matope tukalie nini?"

Mumbua alikuwa jukwaani na kipaza sauti, amevaa jaketi la halmashauri. Aliwatazama wanavyoshuka mmoja mmoja na kusalimiana upya kana kwamba hawakuja gari moja. Hakusema kitu. Mwende alimjua mwanawe. Akipiga kelele kuna nafuu, akinyamaza mambo yameharibika.

Ikabidi pia waombe, kwani nani huanza jambo bila maombi? Pasta Zephaniah, mwenye joho jekundu la askofu wa Kifaransa, aliomba kwa dakika kumi na moja. Aliombea uwanja, watoto, wenye presha, na wale ambao makaratasi yao yamekwama serikalini. Kisha Norbert akaomba kusalimia wananchi japo kwa dakika moja, na wote waliowahi kumsikia wakahamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kando ya jukwaa Bi. Alka alitazama saa mara mbili, halafu akaacha. Alikuwa mtoto wa Nakuru na alielewa kwamba saa haitamsaidia.

Aliyeokoa ni Mumbua. Aliwaambia watoto kwenye kipaza sauti kwamba hata siku ile ya kweli majeshi yalisimama yakitazamana kwa muda mrefu, na kwamba kile wanachokiona ndicho historia yenyewe. Watoto wakashangilia. Mwende alivimba kichwa. Mtoto ana akili, alijisemea, kamrithi Jotham.

Wakati wa kujipanga, makabaila wote thelathini na tisa walitaka mstari wa mbele. Walisukumana mabega kati ya miti mpaka mapanga yakawa hayawezi kuinuliwa, na waliosukumwa nyuma wakawa wanasukuma waliowasukuma. Ryan, nahodha wa Waingereza, kijana mwekundu mpole anayefanya kazi ya mabomba siku za kawaida, alikuja kuwakagua, akasimama ameduwaa. Kisha akamnong'oneza Mwende kwamba hajawahi kuona kitu sahihi kama kile maishani. Hivi ndivyo walivyokufa Wafaransa, alisema. Kila mwenye cheo alitaka kuwa mbele, wakabanana wasiweze hata kupigana. Mmesoma vitabu gani? Mwende alimwambia wana vitabu vyao wenyewe, vya kumbukumbu.

Halafu Ryan akawageukia wote na kuwaeleza, kwa tabasamu na kidole gumba juu, jinsi ya kufa. Mishale ina mipira ya raba, haiumizi. Ukiguswa, hesabu mpaka tatu, anguka, na ubaki umekufa hadi pembe ipigwe. Akarudi kwa wenzake akirukaruka kwenye madimbwi.

Ufaransa nzima ikatazamana.

"Huyu kijana amesema nini?" Pasta aliuliza.

"Amesema tukae chini," Mwende alisema.

"Mimi nimesikia *die*." Pasta alikuwa London mwaka wa ishirini na mbili, Kiingereza hakikuwa tatizo lake. "Mama Mumbua, ulijua hii maneno?"

"Pasta, ni mchezo tu. Ni dakika tano."

"Kifo hakina dakika tano. Mimi siwezi kulala chini kama maiti mbele ya watoto. Hiyo roho naikataa."

"Hata mimi," Dinah alisema, na lile neno likapita mstari mzima, hata mimi, hata mimi. Norbert akainua panga lake la mbao. "Order! Tuko kwa uwanja wa watu. Twende mbele kwanza, hiyo ya kufa tutaijadili tukifika."

Hivyo ndivyo jeshi la Ufaransa lilivyoondoka, polepole, likivuta miguu kwenye tope kama watu wanaosindikiza mgeni asiyetaka kuondoka. Waingereza wakapiga mishale. Ilikuja mingi, ikapiga kofia, vifua na sufuria moja ambayo mtu alikuwa ameshindwa kuiacha garini. Kila mshale ulimpata mtu na hakuanguka yeyote. Pasta alipigwa mara nne, na kila mara aliupangusa ule mshale kifuani kama unga na kusema, "Si fungu langu." Mweka hazina alisema umempiga jirani yake. Jirani yake alisema haiwezekani afe yeye kabla ya mweka hazina. Dinah aliokota mishale mitatu, akaipanguza kwa leso, akaenda nayo mpaka kwa mpiga upinde mwenye ndevu nyeupe. "Chukua, baba, umeangusha vitu vyako." Yule mzee, kwa malezi mema, akasema asante.

Saa nane na dakika arobaini mishale iliisha. Waingereza wakamtazama Ryan. Ryan akatazama karatasi. Wafaransa walikuwa wamewafikia, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia la kufanya wakifika, walianza kuwasalimu kwa mikono na kuwauliza wametoka wapi. Nyuma ya kamba watoto walikuwa wameanza kuimba "France! France!", wazazi wanacheka mpaka wanafuta machozi, na kila mtu ameinua simu kurekodi. Miaka mia sita ya Waingereza ilikuwa inakwenda na maji.

Mwende hakuwatazama wao. Alitazama jukwaani. Bi. Alka alikuwa anafunga faili lake taratibu, anavuta zipu. Na Mumbua alikuwa amekishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, anaendelea kusema, lakini sauti yake ilikuwa imepanda ile nusu ngazi ambayo mama yake aliijua tangu akiwa mtoto wa chekechea: ndiyo sauti yake ya kuzuia machozi. Mwende aliona aibu, kisha akaona uchungu. Yeye ndiye aliyeandika "watakaa chini." Busara yake ndiyo iliyokuwa inamla mwanawe pale mbele ya watu.

Basi akafa.

Alikufa vizuri. Watu wasiojua hufa kwa kurusha mikono na kushika kifua. Mwende alijua kwamba mwili unaokwisha hauna maringo, magoti hukata kwanza na uso hauchagui pa kwenda. Bendera ilimponyoka, akaenda chini kwa shavu, akatulia. Tope lilikuwa baridi na lilinuka majani. Alihesabu mpaka tatu kama alivyoelekezwa.

Kilichofuata hakikuwa kwenye karatasi ya mtu. Dinah alipiga yowe lililosikika mpaka barabarani. "Mama Mumbua! Woi! Presha! Presha imemwangusha!" Makabaila wote thelathini na wanane waliwaacha Waingereza na mikono yao hewani wakakimbia, na kwa kuwa kila mmoja alitaka kufika wa kwanza, walibanana tena, wakagongana kofia, wengine wakateleza. Mtu akamgeuza Mwende. Mtu akamfungua ukosi. Mkono mzito wa Pasta ukatua kwenye paji la uso wake na sala ikaanza bila utangulizi, jambo ambalo lilionyesha kwamba Pasta ameogopa kweli.

Mwende akafungua jicho moja.

"Sijafa," alinong'ona. "Nyamazeni. Sina presha, niko sawa. Lakini mkibaki mmesimama hivi, kazi ya mtoto wangu imekwisha. Laleni chini. Nawaomba."

Walimtazama.

"Umetutisha hivyo makusudi?" Pasta alisema, mkono bado kwenye paji la uso. "Mama, unajua unacheza na nini?"

"Najua kuliko nyinyi nyote. Basi niacheni nilale peke yangu."

Hakuyapanga maneno hayo. Yalimtoka tu kwa hasira, lakini alipoyasikia alijua yamewafika wapi. Palikuwa na watu pale ambao walikuwa wamelala kwenye zulia lake usiku tisa, na migongo ilikuwa bado inawauma. Wa kwanza alikuwa Norbert. Aliivua kofia yake, akatafuta mahali penye maji kidogo, akakosa, akapiga goti moja, halafu la pili, na kwa heshima zote za ofisi yake Mwenyekiti wa Ufaransa akajilaza chali kando ya Mwende.

"Chair amelala," mtu alisema kwa mshangao.

Mwenyekiti akilala, nani atabaki amesimama? Naibu mwenyekiti akashuka. Waasisi wakashuka wakishikana mikono kwa sababu ya magoti. Mweka hazina akaangalia kama naibu katibu ameshashuka, akawahi. Mwenyekiti wa zamani akamzunguka kila mtu ili aangukie upande wa kulia wa Norbert. Dinah alilala akilia, na hakuweza kueleza kama analia kwa sababu Mwende amekufa au kwa sababu hakufa. Kwa dakika tatu hivi Ufaransa nzima ilianguka kwa kufuata itifaki. Pasta Zephaniah akabaki peke yake na joho lake jekundu, anazitazama mbingu. Mwishowe akakaa, kisha akaegemea kiwiko.

"Nimechoka tu," alitangaza. "Ijulikane kwamba nimechoka tu."

Ilikuwa saa tisa kasorobo, imezidi dakika moja tu.

Waingereza walivua kofia zao bila kuambiwa. Watoto walinyamaza. Hapo tu, katika kile kimya, Mwende aliitambua sauti ya mwanawe, na akatambua pia kwamba sauti hiyo haikuwa imekatika. Alikuwa ameisikia muda wote kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Alipoanguka yeye, Mumbua alikuwa amesema kwa Kiingereza chake kilichotulia: na hapo anaanguka mshika bendera wa Ufaransa. Dinah alipopiga yowe, alisema: sikilizeni kilio chao. Walipokimbia na kubanana, aliwaeleza watoto kwamba wengi wa wale Wafaransa walikufa kwa kukanyagana, wakienda kuwaokoa wenzao. Sasa alikuwa anasema kwamba kabla ya jua kuzama, familia nyingi hazikuwa na hata mwana mmoja wa kurudi nyumbani. Sauti ilikuwa imeshuka ile nusu ngazi na kukaa mahali pake. Ameelewa, Mwende alijiambia huku maji yakimwingia sikioni. Amejua nafanya kwa ajili yake, na amedaka. Alifurahi kiasi kwamba alisahau baridi.

Pembe ilipopigwa, shangwe ilivuma mpaka ndege wakaondoka mitini. Ryan alimpa kila Mfaransa mkono na kuwauliza kama mwakani wataweza vita vya Crécy, ambavyo Wafaransa walishindwa pia. Norbert alimjibu kwamba barua iandikwe kwa ofisi ya katibu.

Bi. Alka alimkuta Mwende kwenye hema la chai, amefunikwa blanketi, uso nusu tope. Alimshika mikono yote miwili.

"Mama, nimekuja kukusalimia wewe kwanza. Msichana wako ni wetu, barua nampa Jumatatu. Lakini wacha nikuambie ukweli, mimi moyo ulisimama. Nilifikiri umekufa. Niliacha kila kitu nikakimbia kuita watu wa ambulensi. Nikamwuliza Mumbua, hii ni mchezo ama ni kweli? Akafunika mike na mkono, akaniambia hajui. Halafu akaendelea." Bi. Alka alitikisa kichwa. "Hakutetemeka hata kidogo. Mtu kama huyo utampata wapi?"

"Hakuna," Mwende alisema, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

Mumbua alikuja baadaye kidogo na taulo za karatasi na kikombe cha chai. Alikuwa ameshaambiwa habari za Jumatatu. Macho yalikuwa yanang'aa. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, kimoja cha vile viti vya kukunja, akaanza kumfuta tope shavuni.

"Bi. Alka anasema hukujua," Mwende alisema.

Mkono ulisimama, kisha ukaendelea. "Didn't know what?"

"Kama naigiza."

Mumbua angeweza kudanganya. Mwende alimpa nafasi hiyo. Alichukua kikombe na kunywa chai taratibu, ya moto hivyo hivyo.

"No," Mumbua alisema. "I didn't know."

"Ukaendelea."

"I had the microphone, Mum. Watoto mia mbili walikuwa wananiangalia. Nikasema nimalize hii sentensi halafu nije. Then there was another one." Aliikunja ile taulo ya karatasi upande usio na tope. "I was going to come. I swear I was going to come."

Iliuma. Mwende hakuwa mtu wa kujidanganya. Iliuma pale chini ya mbavu, na hakukuwa na pa kuipeleka. Alikuwa amejilaza kwenye tope ili mwanawe apate kazi, na mwanawe alikuwa ameifanya kazi. Nje ya hema Tuinuane walikuwa wanagawa pilau kwa Waingereza, na Norbert alikuwa anaomba nafasi aseme neno moja tu la shukrani.

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza. "Hizo sentensi."

Mumbua alifikiri. Alihesabu kweli, kwa vidole vyenye tope. "Sita," alisema.

"Zilikuwa nzuri," Mwende alisema, kwa maana zilikuwa nzuri, naye alikuwa amezisikia zote. Akageuza uso ili mwanawe amfute na upande wa pili.